Taita na Chala, au Lushoto na Pangani: njia ipi ukitoka Mombasa na gari lako?

Kila likizo ya Agosti au Disemba ikikaribia, jamaa na majirani hapa Mombasa huniuliza swali lile lile: "Shangazi, twende wapi na gari letu tukaone milima, tuone ziwa, kisha tumalizie baharini?"

Huniuliza mimi kwa sababu nyumbani kwetu mimi ndiye dereva. Miaka mingi sasa nashika usukani, mume wangu kando, watoto na mama mkwe nyuma. Wanaosimulia uzuri wa safari huwa ni abiria, wenye nafasi ya kutazama. Dereva hurudi nyumbani akikumbuka mgongo wa treila na taa za breki za matatu iliyokuwa mbele yake. Kwa hiyo nikilinganisha njia, kipimo changu cha kwanza ni kama na dereva ataona kitu. Gharama, karatasi na chakula nazipima baadaye.

Kaskazini nitaitaja kwa ufupi. Kilifi, Watamu, magofu ya Gede, Malindi, kisha mabonde mekundu ya Marafa: ni safari nzuri ya siku mbili au tatu, na barabara ni tambarare. Lakini mlima hakuna. Anayetaka kulala na blanketi mbili na kuamkia ukungu ana njia mbili za kweli kutoka Mombasa. Moja inakwenda magharibi, Taita hadi Taveta. Nyingine inakwenda kusini, inavuka mpaka hadi Tanga, Lushoto na Pangani. Zote mbili nimeziendesha zaidi ya mara moja.

Njia ya Taita

Ondoka baada ya swala ya alfajiri. Kipande cha Changamwe, Mazeras na Mariakani ndicho kigumu kuliko vyote katika safari hii, kwa kuwa malori yote ya bandarini yako hapo na kila mmoja anataka kumpita mwenzake. Ukiwa umeivuka Mariakani kabla jua halijachomoza, umemaliza kazi kubwa. Baada ya Samburu na Taru barabara inanyooka na nyika inafunguka. Pale Mackinnon Road, kando ya reli, kuna msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, na wasafiri wengi husimama. Sisi nasi husimama, tukaomba dua, tukanywa chai ya thermos na mahamri ya nyumbani.

Voi ni kama kilomita 160 kutoka Mombasa. Jaza tangi hapo, maana huko juu sheli ni chache. Unaiacha barabara ya Nairobi, unashika ya Taveta, na kama kilomita 25 mbele unafika Mwatate, penye mashamba makubwa ya mkonge. Hapo njia ya Wundanyi inachepuka kulia na kuanza kupanda. Kona zipo na ni kali, lakini mpando ni mfupi, kama kilomita 15 za lami. Dereva akianza kuchoka, ameshafika.

Wundanyi si mji mkubwa, na uzuri wake uko hapo. Mashamba yamepangwa kwa ngazi kwenye miteremko, migomba, mboga na makadamia, na maji yanasikika yakiteremka hata usipoyaona. Karibu na Werugha kuna msitu wa Ngangao, mabaki ya msitu mkubwa uliofunika milima hii zamani. Humo wanaishi ndege wadogo ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa milima ya Taita. Kilele cha Vuria, mita 2,208, ndicho kirefu kuliko vyote hapa. Kama hakuna ukungu, unaliona tambarare la Tsavo lote limelala chini yako. Wazee wa Kidawida, yaani Wataita wenyewe, wana mapango walimohifadhi mafuvu ya wahenga wao. Usiende huko bila mwenyeji na bila ruhusa, na ukifika shusha sauti. Jioni omba kimanga, chakula cha wenyewe cha mihogo au viazi vilivyopondwa pamoja na maharagwe. Mama mkwe wangu, ambaye haridhiki na chakula cha mtu, aliongeza sahani.

Unashuka tena Mwatate na kuendelea Taveta. Barabara inapita Bura na Maktau na kukata hifadhi ya Tsavo Magharibi, kwa hiyo ndovu huvuka lami hii kama wanavyovuka njia zao nyingine. Iendeshe mchana tu. Karibu na Taveta unaupita mlima mdogo wa Salaita. Februari 1916 jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka Afrika Kusini, lilijaribu kuuteka kutoka kwa jeshi la Wajerumani likarudishwa nyuma. Makaburi ya vita vile bado yanatunzwa Voi, Maktau na Taveta. Watoto wangu walitembea kimya kati ya mistari ile ya mawe, wakihesabu umri wa waliolala pale.

Kisha Chala. Nalipatia nafasi zaidi ziwa hili kwa sababu ndilo lililonifanya niipende njia hii. Ni ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano, chini ya Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji. Unaendesha kwenye nyasi kavu, huoni dalili yoyote ya maji, mpaka unasimama ukingoni na chini yako kuna jicho la rangi ya samawati lililozungukwa na kuta za mawe. Rangi hubadilika kadiri jua linavyopanda. Mara ya kwanza tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Nilizima mota, nikatoka, nikakaa kwenye boneti. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi na nyeupe, na hakuna aliyenihimiza niondoke. Ndiyo maana ya kusema na dereva ataona kitu. Lakini msiogelee. Mwaka 2002 mamba alimuua msichana aliyekuwa akiogelea humo. Njia ya kushukia majini nayo ni ya mawe yanayoteleza, si ya wazee wala viatu vya wazi.

Ziwa Jipe ni kinyume chake: ni pana, lenye kina kifupi, matete mengi, viboko na wavuvi, milima ya Upare ikiwa ng'ambo. Halikushtui kama Chala. Unaliangalia polepole, na wapenda ndege hawataki kuondoka. Anayeingia kupitia hifadhi atalipa kiingilio cha hifadhi, na malipo hayo hufanywa kwa njia ya mtandao, si taslimu, kwa hiyo yamalize ukiwa mahali penye intaneti nzuri.

Kurudi pwani, fika Miritini ushike barabara ya Dongo Kundu. Utatokea kusini bila kuingia mjini wala kupanga foleni ya feri ya Likoni, na siku ya mwisho utaimalizia Diani au Shimoni. Hapa njia ya Taita ina upungufu, nami siufichi. Kwa sisi wa Mombasa, Diani si mji mgeni. Anayetaka mji wa pwani ambao hajawahi kuuona hataupata upande huu.

Njia ya Lushoto

Unavuka Likoni au unazunguka Dongo Kundu, unapita Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga, unavuka mpaka, na upande wa pili ni Horohoro. Mombasa hadi Tanga ni kama kilomita 170, lami nzuri, malori machache kuliko njia ya Voi. Kwa kipande hiki cha kwanza, Lushoto inaishinda Taita waziwazi. Kabla ya kuingia Tanga mjini kuna mapango ya Amboni, mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa muda usiohesabika, na mwenyeji atakupitisha na tochi.

Tanga lala usiku mmoja. Watu wanauita "waja leo waondoka leo", lakini usiondoke leo. Ni mji wa baiskeli na barabara pana, wenye majumba ya enzi za Wajerumani, na Kiswahili chake kiko karibu sana na chetu, kiasi kwamba mama mkwe alikaa kibarazani na kinamama wa pale kama amerudi kwao. Mkonge ulianzia hapa mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka kwa hiyo 62 yakatoka mashamba yote unayoyapita. Nikiyaona yale ya Mwatate sasa huikumbuka hesabu hiyo.

Kutoka Tanga ni Muheza ya machungwa, Segera, Korogwe, halafu Mombo. Hapo barabara ya Lushoto inaanza kupanda: kama kilomita 33, na unapanda takriban mita 1,000. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde. Maporomoko ya Soni yako njiani. Lushoto yenyewe, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iko mita 1,400 hivi, yenye misonobari na hewa inayokufanya utafute sweta saa kumi jioni. Irente unasimama ukingoni mwa jabali na kuiona nyika ya Wamasai imetandazwa chini. Msitu wa Magamba una njia za kutembea kwa miguu. Sokoni kuna matunda ambayo kwetu huuzwa kwa bei ya dawa: mapichi, maplamu, mapeasi, na kabichi kubwa kama kichwa cha mtoto. Kwa wingi wa mambo ya kufanya, kwa nyumba za kulala wageni, kwa chakula, Lushoto iko mbele ya Wundanyi. Ni mji uliozoea wageni. Wundanyi inabidi uulize.

Na Pangani ndiyo zawadi ya mwisho. Ni mji mdogo mkongwe kwenye mdomo wa mto, wenye milango ya kuchonga na nyumba zilizochoka, minazi, na kivuko cha kwenda Bweni. Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa hapa Desemba 1889. Mkaaji wa Mombasa akitembea kwenye vichochoro vile anauona mji wake wa kale kabla haujasongwa na magari.

Upungufu wa njia hii ni ziwa. Ukienda Lushoto na Pangani tu, utaona mlima, mto na bahari, lakini ziwa hutaliona. Kama watoto wameahidiwa ziwa, usiwaambie mto ni ziwa.

Kupanda na kushuka

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi kuliko kwenye mandhari.

Sisi madereva wa Mombasa tumejifunza kuendesha kwenye tambarare. Kupanda hakutuui, kunatuchosha tu: zima kiyoyozi, shika gia ndogo, tazama mshale wa joto la rejeta. Hatari iko kwenye kushuka. Safari yetu ya kwanza ya Lushoto nilishuka nikiwa nimeweka gia ya nne, mguu juu ya breki kona baada ya kona. Chini ya Soni nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua, na pedali ikaanza kuwa laini. Nilipata mahali papana, nikaegesha, tukakaa dakika arobaini watoto wakila maplamu nami mikono ikitetemeka.

Fundi wangu alinieleza baadaye. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na moto ule ukiyachemsha mafuta ya breki, pedali inakwenda chini bila gari kushikwa. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na yaliyonyonya maji huchemka mapema. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na wengi wetu hatuyabadilishi mpaka gari liuzwe. Yabadilishe kabla ya safari yoyote kati ya hizi mbili. Ukishuka, tumia gia ile ile ambayo ungepandia, ya pili mara nyingi, na mota ndiyo ilishike gari. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, zipoe. Gari la otomatiki lina 2 au L kwenye gia. Ndiyo kazi yake.

Kwa kipimo hiki Taita ni shule na Lushoto ni mtihani. Mteremko wa Wundanyi hadi Mwatate ni chini ya nusu ya ule wa Lushoto hadi Mombo. Dereva ambaye hajawahi kushuka mlima aanzie Taita. Na Lushoto, kama kuna madereva wawili, mmoja apande na mwingine ashuke, ili kila mmoja apate mara moja kuwa abiria. Mtae na vijiji vya mbali vya Usambara, milima hiyo ya Lushoto, ambako barabara ni ya udongo, usiviendee na gari dogo wakati wa masika. Kodi gari la mwenyeji pamoja na dereva wake, nawe ukae dirishani.

Karatasi na mfuko

Taita hudai leseni, bima, na kitambulisho. Lushoto inadai mengi zaidi: pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, logibuku ya gari, kadi ya njano ya COMESA (bima ya kuvuka mpaka) juu ya bima yako ya kawaida, kibali cha muda cha kuingiza gari, na ada ya barabara. Gari likiwa la mtu mwingine, au bado linalipiwa benki, beba barua ya mwenyewe. Jirani yetu alikwenda na gari la kakake bila barua. Alifika mpakani saa tatu asubuhi na saa nane alikuwa amerudi Mombasa, watoto wakilia.

Ndani ya Tanzania, kibao cha 50 kijijini maana yake ni 50. Trafiki wenye sare nyeupe na kamera za mwendo wako wengi njiani, na vijiji ni vingi. Hata hivyo mimi niliishia kuipenda sheria hiyo, kwa sababu ukienda 50 unaona maisha ya watu. Beba pembetatu mbili na kizima moto, vitaulizwa.

Kwa matumizi ya kila siku, chakula na malazi Lushoto havikutushinda. Kilichozidi ni ada za mpakani, mafuta ya kilomita nyingi zaidi (Lushoto ni kama 340 kwenda tu, Wundanyi kama 200) na usiku wa ziada, kwa kuwa haifai kuifanya chini ya siku sita. Taita na maziwa yake mawili zinatosha siku nne, tano ukiongeza Shimoni.

Nani aende wapi

Mwenye siku nne, gari dogo, watoto wadogo, au dereva mmoja tu: Taita. Mwenye hamu ya ziwa au ya kuuona Kilimanjaro bila kuupanda: Taita, na alale Taveta ili afike Chala alfajiri. Mwenye wiki nzima, karatasi kamili na madereva wawili, anayependa miji mikongwe na soko la matunda: Lushoto, na asikose Pangani. Wenye wazee ningewapeleka Tanga na Pangani, na kuwauliza wenyewe kama wanataka kupanda mlima. Miezi ya Machi hadi Mei mvua ni nyingi kote, mimi siendi. Juni hadi Agosti milima yote miwili ni ya baridi hasa, bebeni masweta mazito.

Na kwa aliyekwisha kuzifanya zote mbili kuna ya tatu inayoziunganisha. Kutoka Taveta unavuka Holili, unafika Himo, na badala ya kwenda Moshi unashika kusini, Mwanga na Same, milima ya Upare ikiwa kushoto kwako mpaka Mombo. Unapanda Lushoto, unashukia Tanga na Pangani, unarudi Horohoro. Taita na Usambara zote ni za safu moja, Tao la Mashariki, ndiyo maana ua lile dogo la zambarau la urujuani wa Usambara lina ndugu yake kwenye msitu wa Mbololo, Taita. Na maji yanayotoka ziwa Jipe huingia mto Ruvu, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yakawa mto Pangani. Kwa hiyo anayefanya duara hili hulala usiku mmoja chanzoni na usiku mwingine mdomoni mwa maji yale yale. Inataka siku kumi. Nimeifanya mara moja, na ilinigharimu mgongo.

Disemba hii sisi ni Taita tena. Kijana wangu amepata leseni, na nimemwambia atashika usukani kutoka Mwatate hadi Wundanyi, nami nitakaa nyuma, upande wa dirisha.